Alinipita Bila Salamu

Jumamosi moja jioni nilikuwa kwenye supamaketi pale Ngong Road, Nairobi, na shemeji yangu. Tumesimama penye maparachichi, yeye anayabonyezabonyeza huku ananipigia hesabu za chama. Nikainua macho. Upande wa pili wa ndizi alikuwa kaunsela wangu, kavaa dera na raba, kikapu mkononi, mtoto wa kike amemshika kidole.

Tulitazamana. Ulikuwa muda wa kumtosha mtu yeyote kusema "habari ya jioni".

Hakusema. Alimgeuza mtoto taratibu wakaelekea kwenye maziwa.

Mwanamke huyu anajua mambo yangu ambayo mama yangu mzazi hayajui. Anajua yaliyonipata usiku wa kuamkia mazishi ya baba. Anajua ninavyolala, au tuseme ninavyokesha. Naye alinipita kana kwamba hatujapata kuonana.

Sababu nilikuwa naijua. Alinieleza siku ya kwanza kabisa: tukikutana nje sitakusalimu mpaka uanze wewe, kwa sababu sijui uko na nani wala umewaambia nini. Niliitikia, nikatia sahihi, nikaona ni busara. Na kweli ni busara. Mke wangu anajua ninakokwenda kila wiki, lakini ukoo wake haujui. Lau ningesalimiwa, shemeji angeuliza "huyo nani?", na kabla ya Isha swali lingekuwa limeshafika kwa mama mkwe na kwenye kundi la WhatsApp la familia.

Bado liliniuma.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nimelelewa mtaani ambako humpiti mtu unayemjua bila salamu ila mmegombana, na hata mkigombana mtu mzima atawauliza mtanuniana mpaka lini. Kwa wiki kadhaa nimekuwa nikilizungusha jambo hili kichwani, na kila nikilizungusha naona si salamu inayonisumbua. Ni swali lililokuja nyuma yake: huyu mtu ni nani kwangu?

Marafiki wawili watatu wameniuliza mwaka huu nini hasa hutokea ukienda kwa kaunsela wa kulipia. Nimekuwa nikiwajibu habari za bei na saa. Jibu lenyewe liko hapo penye maparachichi, ila ni refu.

## Kumtafuta

Kwanza yale ya bei na saa, tuyamalize.

Zamani nilidhani kaunsela, mwanasaikolojia na daktari wa magonjwa ya akili ni mtu mmoja mwenye majina matatu. Sivyo. Daktari wa magonjwa ya akili alisomea udaktari kwanza, na ndiye anayeandika dawa. Wale wengine wawili hawaandiki dawa. Kazi yao ni mazungumzo, maswali na mazoezi, na aliye mzuri akiona unahitaji dawa atakuelekeza kwa daktari. Kwetu Mombasa utotoni tulitishwa kwa jina la Port Reitz, hospitali yenye wodi za wagonjwa wa akili. Nilipokuja Nairobi nikakuta wenzetu walitishwa kwa Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoanza mwaka 1910 na ambayo mpaka leo ukiitaja kwenye matatu watu wanacheka. Nadhani ndiyo maana wengi wetu tunakimbilia neno "kaunsela". Halina ukuta wala geti.

Tangu mwaka 2014 hapa Kenya tuna Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia, na chini yake kuna bodi inayowasajili na kuwapa leseni. Hiyo haina maana kwamba kila mwenye sofa na ua la plastiki Kilimani amesajiliwa. Muulize. Muulize pia alisomea wapi, na nani anayemsimamia, kwa sababu kaunsela anayefuata taratibu naye ana mkubwa wake katika kazi anayempelekea kesi ngumu bila kutaja jina la mtu. Ni maswali yanayoona haya kutoka mdomoni. Unamhojije mtu unayekwenda kumlilia? Mimi niliyauliza kwa ujumbe wa simu, usiku, na niliuandika ujumbe huo upya mara nyingi kuliko nilivyowahi kuandika barua ya kuomba kazi.

Bei nilizotajiwa zilianzia shilingi 2,000 kwa kikao na kupanda mpaka 6,000, na kikao ni kama dakika 50 au saa moja. Baadhi hupunguza ukiwaeleza hali yako, lakini lazima useme; hawatakusoma usoni. Vituo vinavyofundisha makaunsela huwa na wanafunzi wa ngazi za juu wanaofanya mafunzo ya vitendo chini ya wakubwa wao, na hao ni nafuu zaidi. Kuhusu bima, isome kwa makini kabla hujajipa moyo. Ya ofisini kwetu inamlipa kaunsela ikiwa tu daktari amekutuma kwake kwa barua, na barua hiyo inataka jina la ugonjwa. Nikaona heri nilipe mwenyewe kuliko kutafutiwa jina mapema hivyo. Mwaka 2020 jopokazi lililoongozwa na Dkt. Frank Njenga lilipendekeza serikali itangaze afya ya akili kuwa dharura ya kitaifa. Mimi hiyo dharura nailipia kwa M-Pesa.

## Yule wa kwanza

Huyu wa supamaketi si wa kwanza.

Wa kwanza alikuwa mtu mpole, chumba chake safi, sauti yake ya kumtuliza mtoto. Tulipoketi akasema tuanze kwa maombi, akafumba macho, akaomba kwa jina la Yesu. Mimi nilikaa mikono mapajani nikitazama zulia.

Dua haikuniudhi. Nimeishi Nairobi miaka mingi. Majirani wa kila dini wameniombea na nikaitikia amina kwa moyo mweupe. Kilichonitatiza ni kwamba hakuniuliza. Muda wote uliobaki nilikuwa nachunga maneno. Ningemwambiaje mtu aliyefungua kikao kwa sala kwamba tangu baba afe mimi mwenyewe sala zangu zimekuwa za kuviziana? Nilimweleza habari za kazi, za usingizi, nikaaga.

Sikurudi.

Nalitaja hili kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba inaruhusiwa. Nilikuwa na picha kwamba ukishamfungulia mtu siri moja umefungwa kwake. Kumbe kubadilisha kaunsela ni jambo la kawaida, na wenyewe wanalitarajia. Kuna wanaotaka kuombewa, na kwao huyo bwana atakuwa mtu sahihi kabisa. Wakati mwingine tatizo huwa kubwa zaidi ya kutolingana: kaunsela anayegeuza saa yako kuwa ya kusimulia ndoa yake, anayekuuzia biashara, anayekugusa. Huyo hapaswi kuachwa kimya kimya. Bodi niliyoitaja ipo pia kwa ajili ya malalamiko.

## Karatasi

Nusu ya kikao cha kwanza na huyu wa sasa ilikuwa makaratasi. Jina, umri, dawa unazotumia, umewahi kulazwa. Halafu: mtu wa kupigiwa simu wakati wa dharura.

Hapo nilikwama.

Mimi ndiye niliyeandikwa kwenye fomu za watu wengine. Za mama, za wadogo zangu, za binamu anayesoma Eldoret, hata za jirani mmoja ambaye hana mtu hapa mjini. Sikuwahi kufikiria nani ataandikwa kwenye yangu. Nikaandika jina la mke wangu, nikalifuta, nikaliandika tena. Kaunsela aliiona ile alama ya kufuta. Hakusema kitu siku hiyo.

Kisha akanipa karatasi ya maswali 9. Wenyewe huiita PHQ-9. Inakuuliza katika wiki 2 zilizopita ni mara ngapi umekosa hamu ya kufanya mambo, umekosa usingizi au umelala kupita kiasi, umejiona mtu uliyeshindwa, na kadhalika. Kila swali unalipa alama 0 hadi 3, jumla ya juu kabisa ikiwa 27. Si kipimo cha kukupa jibu kama cha malaria. Kinamwonyesha tu aanzie wapi na achimbe wapi.

Swali la 9 linauliza kama umekuwa na fikra kwamba heri ungekufa, au za kujidhuru.

Sikuwa na mpango wowote wa kujidhuru. Lakini kuna usiku nilikuwa nikitamani nisiamke kwa muda, watu wote wajitafutie, halafu nirudi mambo yakiwa yamepoa. Je, hiyo inahesabika? Na nikiiandika, karatasi hii itakwenda wapi?

Mnaosoma hapa mnajua hofu hiyo haikutoka hewani. Kwa miaka na miaka kujaribu kujiua kulikuwa jinai nchini, kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, na mtu angeweza kufungwa hadi miaka 2. Januari 2025 Mahakama Kuu ilisema kifungu hicho kinakiuka Katiba. Lakini wangapi wamesoma hukumu hiyo? Mtaani bado utaambiwa ukisema utashikwa.

Nikamuuliza waziwazi. Akaweka kalamu chini, akanieleza mipaka: ninayosema yanabaki pale, isipokuwa akiona maisha yangu au ya mtu mwingine yako hatarini, au mtoto anadhulumiwa, au mahakama ikimwamuru. Msimamizi wake husikia kesi, jina hasikii. Daftari lake hulifungia kwenye kabati. Na hata katika hali ya hatari, akasema, mtu wa kwanza kuzungumza naye atakuwa mimi.

Nikatia alama ya 1.

Hakushtuka wala hakunionea huruma. Aliniuliza maswali machache ya moja kwa moja: fikra hizo huja saa ngapi, zinakaa kwa muda gani, umewahi kufikiria njia, ni nini hukuzuia. Aliuliza kwa sauti ileile aliyoulizia umri wangu. Hadi siku hiyo nilikuwa sijui kwamba mambo hayo yanaweza kuulizwa kwa sauti ya kawaida.

## Kunyamaza

Kwetu ukiwa na tatizo unalipeleka kwa mtu mzima. Unaketi, unasema, naye anavuta pumzi, anakupa mfano wa mtu fulani wa zamani, anakupa aya au hadithi, kisha anakutolea hukumu: nenda kaombe radhi, uza kile kiwanja, mpe mkeo likizo akapumzike kwao. Unaondoka na kitu mkononi.

Kwa kaunsela niliondoka mikono mitupu. Wiki baada ya wiki.

Nilikuwa nazungumza, yeye anasema "mh", au anayarudia maneno yangu mwenyewe kwa kuyageuza kidogo, au ananyamaza. Nikitoka nje naingia matatu nikiwa na hasira. Shilingi 3,500 za kunitazama? Makanga angenisikiliza kwa nauli tu. Nilimwita "daktari" ili walau anipe amri, akanikumbusha kwamba yeye si daktari na akaniomba nimwite kwa jina lake. Ni mdogo kwangu kwa umri. Hilo nalo lilinichukua muda.

(Si wote wako hivi. Rafiki yangu mmoja yuko na mwanasaikolojia anayempa kazi za kufanya nyumbani kila wiki: jedwali la fikra, nini kilitokea, nikawaza nini, ushahidi uko wapi. Yeye anaipenda. Hata wangu aliniandikisha saa za kulala na kuamka, na akanikataza kulala na simu kitandani. Muulize mapema anafanya kazi kwa mtindo gani. Mimi sikujua kwamba kuna mitindo.)

Siku moja nilikuwa nikimsimulia jinsi nilivyotuma karo ya binamu, ada ya msikiti, na pesa za paa la nyumba ya mama, zote katika wiki moja, na kwamba sielewi kwa nini nilikuwa na hasira wakati ni mambo ya kheri.

Akauliza: "Ungekataa, ingekuwaje?"

Nikafungua mdomo. Hakukuwa na sentensi.

Tukakaa hivyo. Boda zinapita chini barabarani. Mtu anavuta kiti chumba cha juu. Ami yangu angekuwa ameshaujaza ukimya ule kwa maneno ya subira. Mke wangu angekuwa ameshaniletea chai. Huyu alikaa tu, wala hakutazama saa, nami nikaanza kuutafuta mlango kwa macho.

Kisha nikajisikia nikisema: "Wangejua kwamba mimi si baba."

Sikuwa nimeliwaza neno hilo kabla ya kulitamka. Na sidhani ningelifikia kama angenipa ushauri, kwa sababu ningeupokea, ningemshukuru, na ningekwenda kuutekeleza kama ninavyotekeleza kila kitu. Mimi ni hodari wa kutekeleza.

Tangu siku hiyo sikumdai tena aniambie la kufanya. Hasira za kwenye matatu ziliendelea, lakini zilikuwa za namna nyingine.

## Lugha ya kulilia

Fomu zote zilikuwa za Kiingereza, na makaunsela wengi wa hapa wamefundishwa kwa Kiingereza. Tulianza hivyo, na nilikuwa nazungumza vizuri mno. Nilikuwa na maneno yote ya kitaalamu niliyosoma mtandaoni. Nilijieleza kama ripoti ya ofisi.

Akauliza: "Nyumbani mlikuwa mkizungumza nini na baba?"

Nilipoanza kumweleza kwa Kimvita, Kiswahili cha kwetu Mombasa, koo lilibana kabla sijamaliza sentensi. Yeye ni mtu wa Machakos na mengine hakuyaelewa. Alinisimamisha akauliza, nami nikarudia, na kurudia huko nako kulikuwa na kazi yake. Siku hizi tunachanganya. Unapomtafuta, ongeza hilo kwenye maswali yako: anaweza kukaa na wewe katika lugha uliyokaripiwa nayo?

## Pesa

Narudi kwenye kile kilichonikera.

Kikao kikiisha naingiza nambari ya till, naandika kiasi, na simu inalia ya kuthibitisha wakati macho bado mekundu. Ujumbe unataja jina la kituo, kwa hiyo mwenye kufuatilia M-Pesa yako ameshajua ulikokuwa. Ukiahirisha chini ya saa 24 kabla, unalipa kana kwamba ulikuja, ndivyo tulivyokubaliana. Niliwahi kulipa hivyo kwa sababu ya mvua na foleni ya Waiyaki Way, nikanuna siku mbili.

Swali langu lilikuwa hili: huyu ananijali, au ananihudumia? Angenijali, si angenisalimu?

Nimelipima kwa kuwahesabu walionisikiliza tangu baba afe. Mama alinisikiliza, na nilipomwona anaanza kuogopa nikabadilisha habari. Ami alinisikiliza, lakini ndiye msimamizi wa mirathi, na kila neno langu lilikuwa linapita kwenye ile nyumba ya Kisauni. Sheikh alinisomea, akanipa maji, na niliona nafuu kweli, nisingependa mtu alidharau hilo. Ila sheikh anamjua baba tangu ujana wao, na kuna mambo kuhusu baba ambayo sikuweza kuyaweka mbele yake. Mke wangu amesikia mengi kuliko wote. Lakini yeye analala pembeni yangu. Nikimwambia nataka kutoweka wiki mbili, nimemwambia habari yake pia.

Hawa wote wananipenda. Na kila mmoja wao ana kitu mkononi mwangu: anahitaji niwe mzima, au niwe mtulivu, au nisiuze kiwanja, au nisiondoke. Siwalaumu, ndio maana ya kuwa na watu.

Kaunsela wangu, kule ofisini kwake Hurlingham, hahitaji chochote kwangu nje ya ada yake. Nikimwambia namchukia marehemu, chakula cha nyumbani kwake hakibadiliki. Nikianguka hana karo itakayokosekana. Nilikuwa naiona pesa kama doa kwenye uhusiano ule, na pole pole nimeanza kuona kwamba ndiyo inayousafisha: nikishalipa, simdai na hanidai. Sina haja ya kumuuliza watoto hawajambo. Sina haja ya kumchukulia zawadi ya Idi. Kwa mtu kama mimi, ambaye kila uhusiano wake una deni upande mmoja au mwingine, hii ilikuwa hewa ya ajabu sana, na mwanzoni ilinipa kizunguzungu.

Sisemi ni bora kuliko ndugu. Jiji zima likiishi hivi sijui tutazikana vipi.

## Nilipomwambia

Kikao kilichofuata baada ya supamaketi nilizungumza habari za kazi kwa dakika arobaini. Zilipobaki kumi nikasema, kama mzaha, "Juzi ulinipita kama mtu anayekudai."

Hakucheka, wala hakujitetea kwa ile karatasi niliyotia sahihi, na angeweza. Akauliza nilitaka nini wakati ule.

"Unisalimu."

"Na baada ya salamu?"

Nikafikiri. Nilitaka shemeji aone. Nilitaka mtu mmoja katika ukoo ule ajue, bila mimi kumwambia, kwamba huyu bwana anayelipia kila kitu ana mahali anakwenda kukaa chini. Nilitaka nikamatwe. Kumbe yeye kwa kunilinda alikuwa amenirudishia mzigo wa kusema mwenyewe.

Muda ukaisha hapo. Ndivyo ulivyo, huisha popote.

Nimekuja kujua kwamba kumlalamikia kaunsela mbele yake ni sehemu ya kazi yenyewe, na kwamba wengi huacha kwenda kimya kimya pale pale ambapo wangemwambia "hili limeniudhi". Mimi nilikuwa karibu sana kuacha. Nilikuwa nimeshaandaa uongo wa safari ya kikazi.

## Siku za baada

Usipange mkutano baada ya kikao. Usipange harusi. Siku ya kwanza niliyolia nilirudi ofisini Industrial Area nikatia sahihi hati za mzigo ambao sikuusoma. Sasa nakwenda Alhamisi jioni, na nikitoka natembea kwa miguu mpaka Yaya Centre kabla ya kutafuta gari.

Usitarajie kulala vizuri wiki za mwanzo. Mimi nililala vibaya zaidi. Ndoto za baba zilirudi, na mke wangu aliniuliza kwa heshima zote kama nina hakika huyu mama anatibu au anachokonoa. Sikuwa na jibu. Nilimpelekea kaunsela swali hilo vilevile lilivyo, akasema nafuu haiji kwa mstari ulionyooka, na kwamba baada ya vikao kadhaa tutaitazama ile karatasi ya maswali 9 tena pamoja, na kama hakuna kilichosogea tutaamua la kufanya, hata ikiwa ni kumwona daktari. Nilipenda kwamba hakuniahidi kitu.

Hapatikani usiku. Hilo nalo huelezwa mwanzoni. Kwa usiku kuna watu wengine: laini ya Msalaba Mwekundu ya 1199 haitozwi pesa, na kuna Befrienders Kenya. Niliihifadhi ile nambari kwenye simu bila jina la maana, karibu na ya fundi wa maji.

Wakati mwingine tunafanya kwa video. Hapo shida ni ukuta. Nyumba ya vyumba viwili yenye watoto haina mahali pa kusemea. Nimefanya vikao ndani ya gari kwenye maegesho, vioo vimefungwa, na mlinzi akaja kugonga kuuliza kama niko salama. Nikamwambia niko salama. Kaunsela akauliza kama hilo ni kweli.

## Mdogo wangu

Sasa tumeanza kuzungumzia kuonana kila baada ya wiki mbili, halafu mara moja kwa mwezi. Wazo ni lake. Mimi silitaki, na tunalijadili hilo pia. Usingizi umerudi nusu. Swali la 9 nimelitia 0 mara ya mwisho, na sikudanganya.

Shemeji nimemwambia. Alikaa kimya, kisha akasema yeye alidhani nina mke wa pili.

Halafu wiki iliyopita akapiga simu mdogo wangu, yuko Mtwapa, yeye ndiye aliyemuuguza baba miezi ya mwisho. Amesikia kutoka kwa shemeji, bila shaka. Akataka nambari ya kaunsela wangu. Nikamweleza kwamba huyu wangu hatamchukua, kwa sababu makaunsela huepuka kukaa na ndugu wawili, kila mmoja peke yake, huku wakiwa wameshika siri za mwenzake; lakini anaweza kumtafutia mtu wa Mombasa aliyesajiliwa. Nikamwambia ya kuuliza. Nikamwambia atapewa fomu, na kuna mahali pa kuandika mtu wa dharura, na asiandike jina langu kabla ya kufikiri.

Akasema sawa. Akauliza bei. Nikamtajia.

"Kaka, si utanilipia?"

Kwa mazoea kidole kilikuwa kimeshafungua M-Pesa.

"Nitalipa nusu," nikasema.

Akanyamaza. Kisha akauliza nusu ni ngapi, na kama nusu hiyo ni ya kila wiki au ya mara ya kwanza tu. Nikamwambia bado nalifikiria hilo la pili.